Brashi ya kwanza ya kunyolea: neno "Pure" lilivyoniponza

Sikuanza kunyoa kwa brashi kwa ubishoo. Nilianza kwa sababu ya barakoa. Mwaka 2020 nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini hapa Sheffield, na kila aliyepangiwa wodi ya Corona alipimwa kwanza kama barakoa nzito za FFP3 zinamkaa. Unavishwa kofia kubwa kama ya mrina asali, unapuliziwa dawa chungu ndani yake, na ukiuonja uchungu ulimini ujue barakoa inavuja. Ndevu za siku mbili zinatosha kuivujisha. Mimi nilikuwa mtu wa kupitisha mashine mara moja kwa wiki, tena Jumamosi, tena nikikumbuka. Ghafla nikawa nanyoa kila siku kwa zile nyembe za plastiki zenye visu vitano, na wiki mbili baadaye shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi.

Sababu yake si siri kwa wanaume wenye ndevu za kujikunja. Visu vingi vinauvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, halafu unywele ukianza kuota unajipinda na kuichoma ngozi kwa ndani. Kipele. Ukikikwangua kesho yake, kidonda. Mjamaika mmoja mtu mzima niliyekuwa naye zamu alinitazama shingo wakati wa chai akasema rudi kwenye wembe mmoja, krimu ya kweli na brashi. Wembe haukunisumbua: kishikio cha chuma na wembe wa pande mbili, ule ule ambao nyumbani unauzwa kwa Mangi karibu na kiberiti. Krimu nayo haikunisumbua. Brashi ndiyo iliyonila hela.

Tangu hapo zimepita mkononi mwangu brashi tatu za nywele za mnyama, na ya nne ya nyuzi za plastiki ambayo niliinunulia mtu mwingine. Ninayoisifu hapa ni ya tatu. Lakini nisipozieleza mbili za kwanza hutaelewa kwa nini ninaisifu, na pengine utakwenda kununua ile niliyoitupa.

Kwanza mnyama mwenyewe. Kwa Kiingereza anaitwa badger, na wapo wanaomwita melesi kwa Kiswahili. Mtanzania akisikia jina hilo picha inayomjia ni nyegere, yule fedhuli wa mizinga asiyeogopa hata simba. Siye. Nyegere ni ndugu wa mbali tu. Nywele za brashi zinatoka kwa melesi wa Asia, na karibu zote zinatoka China. Melesi wa Uingereza analindwa na sheria ya mwaka 1992, hivyo hata brashi iliyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa mkono Uingereza, nywele zake zimesafiri. Uzuri wa nywele hizo ni kwamba zinashika maji mengi kuliko unavyodhani ukizitazama, na ncha zake zinachongoka zenyewe hadi kuwa laini sana. Utazitambua kwa mistari: chini hafifu, katikati nyeusi, juu nyeupe.

Basi nikaingia mtandaoni nikaagiza ya pauni kumi na tatu. Boksi jeusi, maandishi ya dhahabu: Pure Badger. Jina la kampuni nalihifadhi, maana sina hamu ya ugomvi, na pia maana brashi za namna ile zinauzwa kwa majina ishirini tofauti. Nilipoona neno "Pure" nikatulia kabisa. Kwa kichwa changu cha Kiswahili, hiyo ni halisi, isiyochakachuliwa, kama asali ya Tabora ambayo muuzaji anakuapia haina tone la sukari. Nani asiyetaka kitu halisi?

Kumbe kwenye biashara hii "Pure" ni daraja la chini. Juu yake kuna "Best", ambalo ukilitafsiri ungedhani ndilo la mwisho, na wala silo. Juu yake tena kuna "Super", halafu "Silvertip". Na hakuna mamlaka inayopima haya madaraja. Kila mtengenezaji anapanga kwa jicho lake, kwa hiyo "Best" ya huyu inaweza kuipita "Super" ya yule. Nywele za "Pure" kwa kawaida ni zile nzito na nyeusi zaidi, na mara nyingi kichwa cha brashi hupunguzwa kwa mkasi ili kipate umbo. Hapo ndipo penye kasoro. Ncha ya asili imechongoka, ncha iliyokatwa ni butu, na ncha butu inachoma.

Nilijua siku ya kwanza tu. Nililoweka brashi kwenye kikombe cha maji ya moto na bafu zima likajaa harufu ya beberu aliyenyeshewa. Mke wangu alifungua mlango, akasimama.

"Baba Nuru, umeingiza nini humu ndani?"

"Brashi."

"Brashi ya nini, ya kuogeshea mbuzi?"

Harufu, kwa haki, si kosa la bei. Hata brashi ya bei mbaya inaweza kuja na harufu yake ya mnyama, na inaondoka ukiifua kwa shampuu mara mbili tatu na kuiacha na povu usiku kucha. Ila kuchoma hakukuisha. Kila nilipoizungusha mashavuni ilikuwa kama ninajisugua kwa makumbi, na ngozi yangu tayari ilikuwa na vipele. Halafu zikaanza kunyonyoka. Nywele tatu, nne, si neno, brashi mpya hupukutika wiki ya kwanza. Yangu iliendelea mwezi wa pili. Asubuhi moja nilihesabu kumi na nne kwenye povu, moja imeingia mdomoni. Mwezi wa tatu fundo, yaani shungi zima la nywele, lilichomoka kwenye mpini nikabaki nimeshika kigogo. Hilo la mwisho nakubali mkono wangu umo: nilikuwa natumia maji yaliyotoka kuchemka kwenye birika, nikidhani ndiyo usafi, na gundi haiyapendi maji ya kuchemka. Maji ya moto wa kuogea mtoto yanatosha.

Kabla haijaenda jalalani mke wangu aliipima. Yeye kabla ya kuja huku alikuwa msusi Kariakoo, na msusi hauziwi nywele za bandia kwa bei ya nywele za binadamu. Akachomoa unywele mmoja, akauwasha kwa kiberiti juu ya sinki, akanusa. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu kama plastiki iliyoyeyuka, ni nyuzi za kiwandani. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu unalolisaga kwa vidole, ni nywele za kitu kilichowahi kuwa hai. Ulikuwa jivu. "Ni nywele kweli," akasema, "sasa za nani, mimi sijui."

Na hapo kuna jambo, maana kiberiti hakimtambui mnyama. Ziko brashi za nywele za nguruwe zilizotiwa rangi ili zipate mistari ya melesi. Watengenezaji waungwana wanaliandika hilo wazi, lakini kwenye masoko ya mtandaoni si wote waungwana. Kwa baadhi yetu jambo hili si la ubora tu. Shemeji yangu yuko Tanga, ni mtu wa msikitini, na nilipomsimulia habari za brashi swali lake la kwanza halikuwa bei. Nikamweleza njia ya kutazama: unywele wa nguruwe ni mnene, na ncha yake hupasuka ikawa kama ufagio mdogo, wakati wa melesi unazidi kuwa mwembamba hadi unaishia kwenye nukta. Mwanga wa dirishani unatosha kuona. Akasikiliza, akashukuru, akasema, "Shemeji, hata huyo mwingine wanavyuoni wetu wana maneno kwenye nywele za mnyama asiyechinjwa. Mimi nitafutie isiyo na mnyama kabisa." Nitarudi kwake.

Udanganyifu huu si wa leo, nao uliwahi kuua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza njia za biashara zilivurugika, nywele za melesi zikawa adimu, na badala yake zikaingia nywele za farasi kutoka Asia, nyingine zikipambwa zifanane na za melesi. Baadhi hazikusafishwa inavyotakiwa. Wanajeshi na raia, Waingereza na Wamarekani, wakapata kimeta cha usoni kutokana na brashi ya kunyolea. Kimeta, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wetu wanaujua kwa mzoga usiotakiwa kuguswa. Siku hizi nywele husafishwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kufungwa, sikutishi. Ila kila nikiona brashi isiyo na jina la mtengenezaji wala nchi, inanijia picha ya askari kwenye handaki akijipaka povu.

Brashi ya pili ilinifundisha kosa la upande wa pili. Baada ya kuungua kwa ya bei rahisi nikaapa kwenda juu kabisa. Jamaa mmoja kazini alikuwa anauza "Silvertip" yake ya mtumba, fundo la milimita 26, mpini mweusi mzito kama kete kubwa ya sataranji. Kuigusa tu ikavu ilikuwa raha, wala sisemi uongo, kama kifaranga cha siku moja. Nilimpa pauni hamsini.

Kwa wiki nzima nilijiona sultani. Kisha nikaanza kuona mambo. Kwanza, brashi ile ilikuwa inakula. Nilikuwa nachota krimu ya Taylor of Old Bond Street, ile ya msandali ya kopo la gramu 150 ambayo wenzangu walisema inakaa miezi, na inaisha kabla sijaizoea. Brashi nene inaficha povu tumboni mwake. Unaona usoni umepaka kidogo, unaongeza, na ukiisuuza mwishoni linatoka povu la kuwanyoa wanaume watatu. Pili, ni kubwa mno kwa uso wangu. Mimi si mtu wa mashavu. Nilijikuta na povu masikioni, puani, na asubuhi moja kwenye kope. Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, haikuwa na ubishi. Ukiikandamiza kidogo inalala yote, kama mtoto aliyechoka kubebwa. Nina vinyweleo vilivyolalia shingoni, ninataka brashi inayoviamsha, na hii ilikuwa inavibembeleza. Ukishakuwa mzoefu utajua kuituliza brashi ya namna hiyo, na wapo wanaoipenda kuliko zote. Kwa mwanafunzi ni gari kubwa lisilo na usukani mwepesi. Niliiuza kwa bei niliyonunulia, tukaachana kwa amani.

Sasa ya tatu. Nilikuwa London kwa shughuli ya ubatizo, nikatoroka saa mbili kwenda Jermyn Street. Huo ni mtaa wa mashati, viatu na vitu vya kunyolea, na wale wa Taylor wako pale namba 74 ingawa jina lao linataja mtaa mwingine. Niliingia duka moja la mtaa huo na viatu vyangu vya kazini, nikitegemea kutazamwa vibaya. Muuzaji, mzee mwembamba mwenye tai, akaniuliza nanyolea krimu au sabuni ngumu, uso unachomeka au hauchomeki, halafu akapanga brashi tano juu ya kitambaa bila kunionyesha bei wala daraja. Akasema niziguse kwanza.

Hilo la kugusa ndilo ninalotaka ulifanye ukipata nafasi, hata kama utanunua kwingine. Nitakueleza nilivyofanya. Unaishika brashi ikavu, unaigonga ncha polepole kwenye shavu mahali penye ngozi laini, chini ya jicho. Ikikukwaruza hapo, itakukwaruza milele. Kisha unaisukuma wima kwenye kiganja kama unayepiga muhuri. Nywele zitafunguka kama ua. Sikiliza mkono: inakurudisha kidogo, au inalala tu? Halafu unazibana nywele kwa vidole viwili pale zinapoingia kwenye mpini. Brashi nzuri imejaa hapo, unahisi shina. Ile yangu ya pauni kumi na tatu ukiibana hapo vidole vilikuwa vinakutana, nywele zimesimama pembeni na katikati peupe. Mwisho unapitisha vidole kwenye nywele ukivuta kidogo sana uone zinazobaki mkononi.

Katika zile tano, mbili zilinikwaruza, mojawapo ikiwa ya bei kuliko niliyoichagua. Moja ilikuwa ndogo kama ya kupakia rangi ya kucha. Niliyoirudia mara tatu, nikaigeuza kuona kibandiko, ilikuwa Simpsons, aina ya Colonel X2L, daraja la "Best". Sitini na kitu pauni. Nilimeza mate, nikalipa.

Simpsons ni jina la zamani, lilianza London mwaka 1919. Bomu la vita vya pili lilibomoa kiwanda chao wakahamia Somerset, na tangu 2008 wako chini ya kampuni ya Vulfix, kwenye Kisiwa cha Man. Mafundi bado wanafunga mafundo kwa mkono. Kwa rula yangu ya nyumbani fundo lina milimita 21 hivi, na nywele zinachomoza kama sentimita tano kutoka kwenye mpini. Mpini ni wa rangi ya pembe, lakini si pembe, na umebinyika kiunoni kiasi kwamba ukiwa na povu mkononi hauponyoki. Nani anafikiria kuponyoka hadi brashi ya sitini iangukie chooni? Mimi nimefikiria. Ile ya mtumba ilishaponyoka.

Asubuhi yangu sasa iko hivi. Nikiingia kuoga naiacha brashi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, maji yafike katikati ya nywele, yasiuguse mpini. Nikitoka naitikisa mara tatu, ibaki na unyevu bila kuchuruzika. Krimu kiasi cha punje ya korosho, naipaka moja kwa moja shingoni, si kwenye bakuli. Nazungusha. Sekunde ishirini za mwanzo ni mapovu makubwa ya ovyo kama ya kufulia, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaongeza krimu, au wanaanza kunyoa. Subiri. Chovya ncha tu kwenye maji, matone mawili, zungusha tena. Povu linabadilika mbele ya macho yako, linakuwa zito linalong'aa, kama mtindi uliopigwa, na brashi inaanza kuteleza bila sauti. Sauti ni kipimo changu. Povu lenye hewa linanong'ona, lililoiva liko kimya. Hapo namalizia kwa kupaka juu chini, kama fundi anayepiga chokaa ukuta, kisha wembe.

Colonel inafanya haya yote bila kunishindania. Ncha ni laini kiasi cha kunisahaulisha, ila kuna ubishi wa kutosha kuamsha vinyweleo vya shingoni. Haili krimu ovyo: kopo la gramu 150 sasa linanifikisha zaidi ya miezi minne. Ilipukutisha nywele saba wiki ya kwanza (nilihesabu, nimeshakuwa mtu wa kuhesabu), na baada ya hapo sikumbuki hata moja. Vipele havikuisha kwa siku moja wala siwezi kuipa brashi sifa yote. Wembe mmoja, kunyoa kufuata unywele unakolalia na kuacha kukandamiza ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Lakini shingo yangu leo unaweza kuipiga picha.

Kasoro zake? Kwenye sabuni ngumu inachelewa. Nina kijiti cha Arko cha Uturuki, cha bei ya maandazi mawili hapa, na kukipigia povu kwa Colonel kunataka subira. Brashi yenye nywele fupi zaidi ingefanya haraka. Pia kile kibandiko mbele kilianza kuchubuka mwezi wa tano. Kwa bei ile wangechonga jina kwenye mpini. Na inakauka polepole. Usiku wa zamu mfululizo naikuta bado ina unyevu kwenye shina, kwa hiyo ukinyoa kila siku chumba kisicho na dirisha, andaa pahala penye hewa. Usiifungie kwenye mfuko wa safari ikiwa mbichi. Mambo ya kuining'iniza kichwa chini sijaona tofauti. Yangu inasimama.

Kuna suala la mnyama mwenyewe, na sitaki kulipita kimya. Mwaka 2018 watetezi wa wanyama walitoa picha za mashamba ya melesi nchini China, vizimba vya waya na mauaji ya kikatili, na kampuni kadhaa zikaacha kuuza nywele hizo. Niliziona baada ya kununua. Nimeamua kwamba hii itanizeesha na sitanunua nyingine. Si msimamo wa kujivunia sana, mtu aliyekwisha kula ndiye anayesema ameshiba, lakini ndio nilio nao. Ukiniuliza leo, kama huna sababu maalumu ya kutaka nywele, anza na nyuzi.

Hapo tunarudi kwa shemeji. Nilimtafutia Yaqi, Wachina hao, yenye nyuzi za kuigiza mistari ya melesi, fundo la milimita 24, chini ya pauni kumi na tano. Kabla ya kuituma niliijaribu mara mbili, na ilinikera jinsi ilivyokuwa nzuri. Haina harufu, haipukutiki, haitaki kulowekwa, inapiga povu kwa dakika moja na inakauka kabla ya chai. Inachokosa ni kushika joto la maji. Inarusha matone pia, kioo cha bafuni kilikuwa na madoadoa kama uso wa kanga. Kwa mwanafunzi asiye na uhakika kama atadumu na mchezo huu, hiyo inatosha na kuzidi. Ukitaka nyuzi za daraja la juu, Wajerumani wa Mühle wana zao wanazoziita Silvertip Fibre, nimezigusa dukani, ni laini kuliko Colonel yangu.

Mzigo ulifika Tanga kwa mkono wa msafiri. Siku tatu, kimya. Siku ya nne ujumbe wa sauti, shemeji amekasirika kistaarabu: "Shemeji, brashi yako haitoi povu." Nikampigia kwa video. Nikamwona amekaa uani, kikombe cha bati, krimu ya Kiitaliano ya Proraso niliyomwekea kwenye mzigo, anazungusha kwa nguvu kama anayekoroga ugali, na kwenye kikombe hamna kitu ila ute wa kijivu. Nikamuuliza maji ya wapi. "Ya kisima." Ya chumvi? "Ya chumvi kidogo."

Basi. Nani wa pwani asiyejua kufulia nguo kwa maji ya kisima? Sabuni kipande kizima na povu hulioni. Mimi mwenyewe niliwahi kulionja hilo kwa namna nyingine: nilipokaa Croydon, mwaka wangu wa kwanza, birika lilikuwa linaota magamba meupe kila wiki, maji ya London yamejaa chokaa. Hapa Sheffield maji yanashuka kutoka milimani, mepesi, povu linakuja lenyewe. Wengi wanailaumu brashi, wanabadilisha brashi, na tatizo liko bombani. Brashi ikitumika muda mrefu kwenye maji hayo mazito nywele zinakakamaa kwa magamba. Unailoweka kwenye maji yenye siki kidogo, nusu saa, inarudi.

Nikamwambia achukue maji ya mvua ya kwenye simtanki, kikombe kimoja tu, hanyoi tembo. Akatuma mtoto. Tukasubiri, simu imeegemezwa kwenye ndoo, natazama mwembe wao na kuku anapita. Maji yakaja. Akazungusha, akatulia, akazungusha. Povu likapanda hadi likafunika vidole.

"Aah," akasema. "Kumbe."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Juzi amenitafuta tena, safari hii anataka brashi nyingine kama ile ile, rangi yoyote. Nikadhani imeharibika. Hapana, anasema, mkewe ameichukua, anapakia poda.